Kamera kubwa si bunduki, bwana soja!

Haya wadau, leo naweka kando mambo ya seva na hifadhidata. Kuna jambo limenikera kwa muda mrefu na nikiendelea kulinyamazia nitapasuka. Makala ni ndefu kidogo, kwa hiyo mimina chai kwanza.

Jambo lenyewe ni hili. Hapa Nairobi mtu akitoa simu ya laki moja na nusu akapiga picha mia za jengo lolote, hakuna atakayemtazama mara mbili. Mwingine akitoa kamera kuukuu ya elfu kumi na nane, mradi tu iwe nyeusi, nene, na lenzi imechomoza mbele kama pua ya nguruwe, basi huyo ni gaidi, au jasusi, au mwanahabari anayetafuta ubaya, au tajiri wa kukamuliwa. Na huenda maskini hata hajui kitufe cha kupandisha flashi kiko wapi!

Nasema wazi: huu ni upuuzi. Tena si upuuzi wa kucheka na kusahau. Unawakatisha vijana tamaa, unawapa askari mlango wa kuomba kitu kidogo, na usalama wenyewe hauongezi hata punje moja. Nitaonyesha kwa nini, hatua kwa hatua, kama tunavyokagua programu yenye kasoro.

Mwanagenzi hana karatasi

Tuanze na anayeumia. Wanaopiga picha hadharani katika mji huu wako wa aina nne.

Wa kwanza ni mwanahabari. Ana kadi ya Baraza la Vyombo vya Habari shingoni na mhariri wa kumpigia simu mambo yakiharibika. Wa pili ni mtalii. Huyu ana kofia pana na kamera ya bei ya gari, na askari humsaidia kuvuka barabara. Wa tatu ni mtu wa simu, yaani sisi sote. Hana karatasi yoyote, na hakuna anayemwomba.

Wa nne ni mwanagenzi. Amejinyima miezi kadhaa, amenunua kamera ya mitumba, na anataka kujifunza. Kadi ya uanahabari hana kwa sababu si mwanahabari. Mtalii si yeye, mji ni wake. Na chombo chake hakiingii mfukoni. Kwa hiyo mtu mwenye ujuzi mdogo kuliko wote, anayeweza kuleta madhara machache kuliko wote, ndiye anayebeba shuku yote. Niambieni mantiki iko wapi.

Na usifikiri shida ni askari peke yake. Wananchi pia wamekubaliana kwamba kamera kubwa ni kazi, haiwezi kuwa kujifunza. Ukisimama Kencom nayo utasikia maswali matatu kwa mpangilio huu: "Boss, wewe ni wa TV gani?" Ukisema si wa TV: "Picha ni pesa ngapi?" Ukisema huuzi: "Sasa unapiga za nini?" Hilo la tatu ndilo gumu, kwa sababu jibu la kweli, "najifunza tu, kaka," halimridhishi mtu. Linasikika kama uongo wa mtu aliyeshikwa.

Nenda nayo kwenye harusi ya binamu na shangazi wote wamekwisha kukuajiri kabla hujala pilau. "Mwanangu, tupige sisi hapa na bibi harusi. Halafu wale wa Murang'a. Halafu utatuletea lini?" Unajaribu kueleza kwamba unatumia ile alama ya kijani inayoiachia kamera kila uamuzi. Shangazi hana habari na alama ya kijani. Ameona kamera kubwa, ameona fundi. Hatari ya huku ni aibu tu, lakini kosa ni lile lile: watu wanapima mtu kwa ukubwa wa chombo.

"Si utumie simu tu?"

Kuna watakaosema: kama kamera inaleta balaa, tumia simu, yaishe. Jibu langu: hapana, na sababu ni za kiufundi.

Simu ya kisasa inakufanyia karibu kila kitu. Unapobonyeza, inachukua picha kadhaa kwa mfululizo, inaziunganisha, inang'arisha vivuli, inapunguza anga iliyochomwa na jua, na kukukabidhi picha iliyopikwa. Ni kazi nzuri sana ya programu, naiheshimu, watu waliotunga mahesabu yale wana vichwa. Lakini mwanafunzi hajifunzi upishi kwa kuletewa sahani.

Kamera ya kawaida inakulazimisha ufikiri. Mambo ni matatu: uwazi wa lenzi, kasi ya shata, na wepesi wa kihisi wa kushika mwanga ambao tunauita ISO. Ukiongeza kimoja unalipia kwingine. Ukitaka matatu yote kwa pamoja utajifunza kwa uchungu kwamba fizikia haina huruma. Lenzi inayokuja na kamera hizi za bei nafuu, ya milimita 18 hadi 55, inafunguka hadi f/3.5 ikiwa pana na hadi f/5.6 tu ukiivuta. Jioni mtaani hiyo ni kiza. Utapandisha ISO, picha ijae chembechembe, au utapunguza kasi, mikono itikisike. Kuchagua kati ya hayo mawili ndiyo shule yenyewe.

Na shule hiyo haiko sebuleni. Nyumbani kuna kikombe, kiti na paka. Huwezi kujifunza kufuata matatu kwa lenzi kwa kasi ya 1/30, gari litoke wazi na nyuma yake kuwe na mistari, kama matatu yenyewe haipo. Mwanga nao una saa zake. Sisi tuko karibu na ikweta, jua la saa sita mchana linashuka wima, macho ya watu yanageuka mashimo meusi. Mwanga mzuri ni asubuhi mapema na jioni kuelekea saa kumi na mbili. Saa hizo ndizo watu wamejaa Tom Mboya, na ndizo askari wa kaunti, wale tunaowaita kanjo, wanazunguka.

Kupiga picha hujifunzwa kwa kurudia. Unapiga picha mbaya elfu moja ili upate nzuri kumi. Ukimtisha mtu katika zile elfu moja za mwanzo, zile kumi hazitakuja kamwe. Mohamed Amin, aliyezaliwa Nairobi mwaka 1943 na ambaye picha zake za njaa ya Ethiopia mwaka 1984 zilitikisa dunia, alianzisha Camerapix kule Dar es Salaam mwaka 1963, hajatimiza hata miaka 21. Priya Ramrakha, mtoto mwingine wa Nairobi, alipiga picha za enzi ya Mau Mau na za uhuru akiwa kijana, kabla ya kuuawa Biafra mwaka 1968. Watu hawa hawakushuka kutoka mbinguni wakiwa wakamilifu. Walikuwa wanagenzi wenye kamera.

Tukague mantiki yao

Sasa tuvae miwani ya mwandishi wa programu. Kanuni anayoitumia soja mlangoni, ukiiandika, ni hii:

kama chombo ni kikubwa na cheusi, zuia;
la sivyo, ruhusu.

Ndiyo yote. Mkaguzi yeyote wa msimbo angeirudisha kwa aibu, kwa sababu inapima kitu kisichohusiana na hatari.

Chukua kamera niliyo nayo, Canon 1100D. Ilitoka mwaka 2011. Ina megapikseli 12. Lenzi yake ya 18 hadi 55 ukiigeuza kwa kipimo cha filamu ya zamani inafika kama milimita 88. Haina GPS. Haina Wi-Fi. Picha inabaki kwenye kadi mpaka nifike nyumbani nitafute kile kisomea kadi ambacho hupotea kila wiki. Inapiga picha tatu kwa sekunde, na ikipiga inalia KLAK, mtaa mzima unasikia.

Sasa chukua Samsung Galaxy S23 Ultra, simu ya mwaka 2023. Ina kihisi cha megapikseli 200. Lenzi yake ndefu inafika milimita 230 kwa kipimo kile kile, yaani inaona mbali zaidi ya mara mbili na nusu kuliko kamera yangu. Ukiiruhusu, inaandika ndani ya kila picha mahali ulipokuwa umesimama, kwa digrii za latitudo na longitudo. Inarekodi video. Iko hewani muda wote, picha inaweza kuwa nchi nyingine kabla hujairudisha mfukoni. Na ukitaka, inapiga kimya kimya.

Kama wewe ni mkuu wa usalama na unaogopa mtu anayechunguza jengo lako, kipi kati ya hivi viwili kikutie hofu? Mwenye nia mbaya si mjinga. Hawezi kusimama katikati ya barabara na chombo cha nusu kilo kinacholia klak. Atajifanya anazungumza na simu. Kwa hiyo kanuni yetu ina makosa ya aina zote mbili kwa pamoja: inakamata wasio na hatia kila siku, na inampitisha yule inayedai kumtafuta. Katika kazi yangu, kichujio cha namna hiyo hatukirekebishi, tunakitupa.

Isitoshe, jengo hilo unaloficha limekwisha kupigwa picha. Google walileta Street View Kenya mwaka 2018. Mtu aliye popote duniani anaweza kutembea barabarani mbele ya lango lako akiwa kitandani, akageuka kushoto, akageuka kulia, akavuta karibu. Setilaiti zimepiga paa lako. Wapangaji wako wameweka picha za dirishani Instagramu. Halafu soja anamkimbiza kijana aliyekuwa anajaribu kupiga njiwa juu ya taa ya barabarani!

Haya si mawazo yangu peke yangu. Mwaka 2008 mtaalamu wa usalama wa kompyuta Bruce Schneier aliandika makala kuhusu vita hivi dhidi ya wapiga picha, akaeleza kwamba washambuliaji wakubwa wa miaka ile hawakujulikana kwa kuzunguka wakipiga picha za shabaha zao. Sura hiyo ya gaidi mwenye kamera, alisema, tumeipata kwenye sinema. Na ni kweli. Katika sinema lazima kuwe na mtu mwenye lenzi ndefu, kwa sababu mtazamaji anahitaji kuona kwamba kuna mtu anachunguza. Maisha hayahitaji hivyo.

Najua hofu ilitoka wapi

Ngoja, msinirukie. Sijasahau tarehe 7 Agosti 1998, ubalozi wa Marekani ulipolipuliwa katikati ya mji na watu zaidi ya 200 kufa. Sijasahau Westgate Septemba 2013. Sijasahau Dusit Januari 2019. Soja anayesimama langoni kwa mshahara mdogo, bila bunduki, anajua kwamba siku ikifika yeye ndiye wa kwanza kupigwa. Hofu yake ni halali na mimi siidharau hata kidogo.

Ila kwa sababu hofu ni halali, ndiyo maana ielekezwe mahali panapofaa. Kila dakika tano anazotumia soja kubishana na mwanagenzi, macho yake hayako langoni. Mafunzo mazuri ya ulinzi humwambia mtu atazame tabia: nani anarudi mara tatu bila shughuli, nani anahesabu zamu za walinzi, gari gani limeegeshwa muda mrefu bila dereva. Mwenye kamera anayepiga magoti kando ya barabara ili apate kivuli cha mwendesha boda anaonekana na watu mia mbili. Huyo hajifichi. Kama unamtilia shaka, mfuate, msalimu, muulize anapiga nini. Atakuonyesha kwa furaha, tena utajuta kuuliza, maana atakueleza habari za mwanga kwa nusu saa.

Uingereza walipitia haya haya. Kifungu cha 44 cha sheria yao ya ugaidi ya mwaka 2000 kiliwapa polisi mamlaka ya kumsimamisha na kumpekua mtu bila sababu ya kumshuku, na wapiga picha wakawa miongoni mwa waliosumbuliwa sana. Januari 2010 Mahakama ya Haki za Binadamu ya Ulaya ikaamua kwamba mamlaka hayo yanakiuka haki ya faragha. Mwezi huo huo wapiga picha wakakusanyika Trafalgar Square, London, kila mtu na kamera yake, kusema kwamba wao si magaidi. Julai mwaka huo serikali ikasimamisha matumizi ya kifungu hicho. London haikuporomoka kwa sababu watu waliachiwa kupiga picha madaraja.

"Futa hiyo picha!"

Hapa ndipo damu yangu huchemka, kwa sababu hapa wameingia uwanja wangu.

Siku moja soja wa jengo fulani alinifuata hadi ukingo wa barabara, nikiwa nimesimama kwenye njia ya umma. Akasema nifute. Nikamwuliza kwa upole, "Mkubwa, kwa sheria gani?" Akajibu, "Hizo ni amri kutoka juu." Juu ni wapi, hakusema. Halafu, sikilizeni vizuri, akatoa simu yake, akanipiga picha mimi, uso wangu na kitambulisho changu, akaituma kwenye kundi la WhatsApp la wakubwa wake. Hakuniomba ruhusa. Hakuniambia itakaa huko kwa muda gani. Mimi niliyepiga ukuta ndiye mhalifu. Yeye aliyesambaza sura yangu na nambari ya kitambulisho changu ndiye usalama.

Tuseme basi umefuta. Je, picha imeondoka? Haijaondoka! Kadi za kamera hutumia mfumo wa faili wa FAT au exFAT. Ukifuta, kamera inaweka tu alama kwamba jina la faili halitumiki tena na nafasi yake iko wazi. Data yenyewe imelala pale pale mpaka picha nyingine iandikwe juu yake. Kuna programu ya bure, PhotoRec, ambayo mtoto wa sekondari anaweza kuitumia kurudisha picha hizo jioni ile ile, mradi hajaendelea kupiga kwenye kadi hiyo. Kwa hiyo kama kweli mimi ningekuwa jasusi, agizo lako lingenichelewesha kama dakika ishirini hivi.

Maana yake ni nini? Maana yake "futa" si hatua ya usalama. Ni tambiko. Ni njia ya kumwambia mtu, mimi ni mkubwa na wewe ni mdogo. Na pale inapoambatana na "au tuelewane", tunajua sote tambiko hilo limeishia mfuko gani.

Sheria inasemaje?

Mimi si wakili, mimi ni mtu wa kompyuta, lakini kusoma najua.

Katiba ya 2010, Kifungu cha 33, inampa kila mtu uhuru wa kujieleza, na imetaja ubunifu wa kisanaa kwa jina. Kifungu cha 31 kinalinda faragha, na humo humo kimesema mtu ana haki ya kutopekuliwa yeye mwenyewe, makao yake au mali yake, na mali yake kutotwaliwa. Kadi yangu ya kamera ni mali yangu. Wanaokuja mbio kutaja faragha ya jengo wasome kifungu chote.

Kuna Sheria ya Maeneo Yaliyolindwa, Sura ya 204, na Sheria ya Siri za Serikali, Sura ya 187. Kambi za jeshi na mahali kama hapo zina ulinzi wake wa kisheria, na sina ugomvi nao. Ukiona kibao cha kukataza, heshimu, hakuna picha ya mazoezi inayostahili kulala ndani. Lakini duka la viatu si kambi ya jeshi. Benki yenye tangazo lake la futi ishirini ikiomba watu waitazame haiwezi kudai haitaki kutazamwa.

Sheria ya Filamu, Sura ya 222, inayonukuliwa ovyo mitaani, ilitungwa kwa ajili ya filamu za kuonyeshwa kwa umma. Ilitungwa mwaka 1962, kabla hata hatujapata uhuru. Kumdai mtu leseni ya filamu kwa picha moja ya mnato ya kwake ni kunyoosha sheria mpaka ikatike.

Jengo la mtu binafsi ni habari nyingine. Ndani ya mali yake mwenyewe mwenye jengo anaweza kusema hataki kamera, na wewe utoke. Haki hiyo inakoma pale sakafu yake inapokoma. Njia ya miguu si sebule ya mtu.

Watu wana haki, kuta hazina

Wapiga picha wenzangu, sasa nawageukia ninyi. Tukidai haki tusiwe wanafiki.

Mama mboga si pambo. Mtoto anayelala kwenye varanda si zoezi la utungaji wa picha. Kuna wanagenzi, wakishashika lenzi ndefu, hugeuka wawindaji. Wanamvizia mtu kutoka ng'ambo ya barabara, wanaondoka na umaskini wake, kesho umewekwa mtandaoni na maneno matamu. Mtu kama huyo akifukuzwa na mawe, mimi simtetei.

Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 imeliweka jambo hili vizuri kuliko wengi wanavyodhani. Kifungu cha 51 kinaachilia matumizi ya mtu binafsi na ya nyumbani, na cha 52 kinatoa nafasi kwa uanahabari, fasihi na sanaa. Lakini ukianza kutumia sura ya mtu kibiashara, mambo yamebadilika. Septemba 2023 Kamishna wa Data aliitoza klabu moja ya Nairobi faini ya shilingi milioni 1.85 kwa kuweka mtandaoni picha ya mteja bila idhini yake, na shule moja shilingi milioni 4.55 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Ona tofauti: sheria haikuuliza kamera ilikuwa na ukubwa gani. Iliuliza picha imetumiwaje. Hilo ndilo swali sahihi!

Na kama kweli tunajali faragha, tuangalie kile kitabu kilichoko kwenye kila lango la mji huu. Unaandika jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu na unakokwenda, kwa kalamu iliyofungwa kwa kamba, na kila anayekuja nyuma yako anasoma. Sheria ya walinzi wa kibinafsi ya 2016 inamruhusu bawabu akuulize wewe ni nani unapoingia jengo analolilinda. Sawa. Lakini vitabu vile vikijaa huenda wapi? Nimeona karatasi za namna hiyo zikifungia njugu. Basi mnaniambia mwanagenzi anayepiga picha ya taa ndiye tishio kwa faragha ya Wakenya?

Basi tufanyeje?

Sipendi makala inayolalamika halafu inaondoka. Nina mapendekezo, na hakuna linalohitaji bajeti ya mabilioni.

Kaunti ziandike ukurasa mmoja, mmoja tu, kwa Kiswahili chepesi: kupiga picha za mnato ukiwa barabarani, kwa kamera ya mkononi, bila kuziba njia, hakuhitaji kibali. Anayepiga tangazo la biashara na kikosi chake, taa na miguu mitatu ya kamera, huyo alipe ada iliyoandikwa, na apewe risiti. Ukurasa huo ubandikwe hadharani na kila kanjo aubebe. Kanuni ikiwa kichwani mwa askari peke yake, bei yake hubadilika kila jioni.

Mahali panapokatazwa pawe na kibao, na kibao kitaje sheria. "Hairuhusiwi" bila jina la sheria ni maoni ya mtu aliyekuwa na rangi na brashi.

Kampuni za ulinzi ziwafundishe walinzi wao mambo mawili: kutazama tabia badala ya vifaa, na kwamba hawana mamlaka ya kumlazimisha mtu kufuta au kutoa kadi. Wakiona jambo la hatari kweli, waite polisi.

Na sisi wanagenzi: tutembee wawili watatu, hasa mwanzoni. Tusalimie kabla ya kuinua kamera. Mtu, yaani binadamu, akisema hataki, tufute mbele yake bila kubishana. Uso ni wake. Jengo likisema halitaki kupitia mdomo wa soja, tuulize sheria gani, kwa adabu, kwa sauti ya chini, na tuwe tayari kuondoka kama afya yetu iko hatarini. Halafu turudi kesho. Mazoea huondoa hofu, na mji ukishazoea kuwaona vijana na kamera utaacha kushtuka, kama ulivyoacha kushtushwa na simu. Wazee wetu wanakumbuka wakati ambapo mtu akionekana na simu ya mkononi alidhaniwa ni waziri.

Msimamo wangu basi ni huu. Kinachopimwa kiwe tendo, si chombo. Picha ikitumiwa vibaya, sheria ipo, mshtaki aliyeitumia. Mtu akionekana anapanga ubaya, mchunguze, awe na kamera, simu au mikono mitupu. Lakini kumwandama kijana kwa sababu amenunua kifaa kinachoonekana cha maana kuliko yeye mwenyewe alivyo, hiyo ni kumwadhibu mtu kwa kuthubutu kujifunza mbele za watu. Na nchi ambayo watu wake wanaogopa kuipiga picha itabaki kutazama sura yake katika picha zilizopigwa na wageni.

Betri imejaa, kadi iko ndani. Jumamosi asubuhi niko Luthuli. Anayetaka kujifunza aje na kamera yake, hata ikiwa kubwa vipi.